Nyumba Iliyovaa Chandarua

Mhariri aliponiomba niandike habari za safari ya chama chetu kwenda Helensburgh, aliniambia niandike kitu chepesi: nani alisahau tiketi, nani alilala kwenye treni, picha mbili tatu, basi. Nimejaribu, wallahi. Aliyesahau tiketi ni mimi mwenyewe. Aliyelala simtaji. Lakini kila nikianza kuandika habari za nyumba tuliyokwenda kuitazama, kalamu inanipeleka kwenye nyumba nyengine, ya bibi yangu, iliyoko Mji Mkongwe, Unguja, ambayo niliiharibu mimi nikiwa nimekaa zangu Glasgow na simu mkononi. Kwa hiyo mnivumilie, nitaziandika zote mbili.

Nianze na ya Bibi. Wenzangu wa mwambao, wa Lamu, Mombasa, Bagamoyo, mnazijua nyumba hizi. Wa bara nawaeleza kidogo. Ukuta wa nyumba ya Bibi una unene wa kama mkono mzima, toka begani hadi kwenye ncha ya kidole. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo mwekundu na chokaa, na juu yake ukapigwa plasta ya chokaa. Chokaa yenyewe nayo asili yake ni hayo hayo matumbawe: yanapangwa juu ya lundo la magogo, yanachomwa, yanamwagiwa maji, halafu yanaachwa yalainike muda mrefu kabla ya kutumika. Dari ni boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwi ndefu, vyumba vya kwetu vyote ni virefu na vyembamba kama behewa. Ukiwa nje huoni kitu, ukuta mtupu na mlango. Mambo yako ndani.

Nililelewa mle. Plasta ya chokaa ilikuwa ikidondoka vipande vipande toka nikiwa mdogo, na kila baada ya miaka michache mzee mmoja mwashi wa mtaani alikuja na ndoo yake, akapaka, akanywa chai, akaenda zake. Mimi niliona aibu. Rafiki zangu wa ng'ambo, mitaa mipya, nyumba zao zilikuwa za matofali na saruji, kona zimenyooka. Yetu ilikuwa imevimba hapa, imebonyea pale, ukiegemea ukuta shati linapata unga mweupe mgongoni.

Mwaka 2020 nikapata nafasi ya kuja kusoma uhandisi wa ujenzi. Nilifika Septemba, masomo yote kwenye kompyuta kwa ajili ya maradhi yale ya korona, chumba kimoja, dirisha moja. Tarehe 25 Desemba simu yangu ikajaa video. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake kubwa imeporomoka. Watu wawili walifariki siku ile, mafundi waliokuwa kazini. Nyumba ya Bibi iko dakika chache kwa miguu kutoka pale. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nikiuona ule ukuta uliovimba, na kitanda cha Bibi chini yake.

Asubuhi nikampigia Mjomba. Nikamwambia chokaa yote ibanduliwe, nyumba ipigwe saruji, ndani na nje. Mjomba akasema, "Yule mzee mwashi anasema nyumba hii haitaki saruji." Mie nikacheka. Nilikuwa na miezi mitatu tu ya masomo ya uhandisi, na hakuna mhandisi mbaya kuliko wa miezi mitatu. Nikamtajia nguvu ya saruji na nguvu ya chokaa kwa tarakimu, saruji inazidi mara kadhaa, na tarakimu zilikuwa sahihi kabisa, hapo ndipo penye msiba. Mjomba hakusoma mambo hayo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi wewe ndiye mwenye elimu, mwanangu."

Nikaingia jikoni kwenye mkahawa mmoja hapa mjini, naosha vyombo zile saa 20 kwa wiki tunazoruhusiwa sisi wanafunzi. Hadi Juni nilikuwa nimeshapeleka pauni 900. Mzee mwashi aliikataa kazi. Akapatikana fundi kijana, hodari, na kazi ikafanywa Julai 2021. Ruhusa ya wanaohusika na mji hatukuiomba, nalikubali hilo. Nikaletewa picha: ukuta mweupe, laini, kona kama zimekatwa kwa kisu. Bibi akaniombea dua kwenye simu mpaka salio likaisha. Ile picha nikaiweka kwenye simu yangu, kila nikiifungua naiona. Naosha masufuria na najiona mwanamume.

Masika ya 2022 Bibi akaanza kusema chumba kina harufu. Masika ya 2023 ukuta ukaanza kutoa chumvi, unga mweupe unaochipua toka ndani. Plasta ikavimba kama chapati juu ya chuma. Kipande kikaanguka usiku, si mbali na mto wake wa kulalia. Mjomba akaita watu, wakatazama boriti pale zinapoingia ukutani, akanipigia kunieleza: kisu kimeingia kama kwenye boga. Bibi akahamishiwa chini, kwenye chumba cha mama mdogo, yeye na sanduku lake na paka wake.

Mnajua nilisema nini? Nilisema fundi kaiba saruji. Nilisema kachanganya mchanga mwingi, na mchanga wenyewe kauchota pwani una chumvi. Nilisema kwa sauti ya mtu wa mwaka wa tatu wa uhandisi. Mjomba akayapeleka maneno yangu barazani, na maneno ya barazani nyote mnajua yanavyotembea.

Hapo ndipo nilipokuwa, ndugu zangu, siku tulipokwenda Helensburgh.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba 2023. Tulikuwa 11, Watanzania, Wakenya, Waganda wawili, na dada yetu wa Lubumbashi ambaye Kiswahili chake kinatuchekesha na chetu kinamchekesha yeye. Treni inatoka Glasgow Queen Street, inafuata mto Clyde hadi unapanuka na kuwa bahari. Njiani inapita Dumbarton, na hapo niliwaamsha watu kwa nguvu. Dumbarton ndiko kwenye karakana ya William Denny ilikojengwa meli ya kifalme ya Sayyid Barghash, ikamalizika 1878, nayo ikaitwa Glasgow. Ndiyo ile iliyozamishwa bandarini kwetu tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vya dakika zisizotimia hata saa moja, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini kwa miaka. Wakenya wakasema Wazanzibari tukipanda hata treni ya Ulaya lazima tukute chetu. Nami nikasema ndiyo.

Toka stesheni unapanda kilima, mtaa umenyooka, nyumba kubwa kubwa za matajiri wa zamani wa Glasgow kushoto na kulia. Mvua ilikuwa ile yao, haikunyeshei bali inakuzunguka. Juu kabisa, kabla hujaona nyumba yoyote, unaona kitu kama bohari kubwa la kijivu, halafu ukikaribia unaona kwamba kuta zake zinapenya macho. Kaka mmoja wa Kisumu akasimama katikati ya njia akasema, "Hii nyumba imevalishwa chandarua!"

Na kweli ndivyo. Ndani ya chandarua kile mna nyumba nzima. Inaitwa Hill House. Aliyeichora ni Charles Rennie Mackintosh, pamoja na mkewe Margaret Macdonald aliyefanya mapambo mengi ya ndani, na aliyeiagiza ni Walter Blackie, mwenye kampuni ya kuchapisha vitabu, vya skuli na vya watoto. Ilianza kujengwa 1902, familia ikahamia 1904. Tangu 1982 iko mikononi mwa National Trust for Scotland. Hicho chandarua wao wanakiita Sanduku, kilifunguliwa Juni 2019, kimechorwa na wasanifu wa London, Carmody Groarke. Fremu ya chuma kama banda la bustani lililokua likapita kiasi, paa zima juu, na kuta zake ni wavu wa pete ndogo ndogo za chuma zilizounganishwa moja kwa moja, zaidi ya pete milioni 30. Kwa Kiswahili cha zamani vazi la namna hiyo la askari wa vitani ni deraya. Lakini chandarua ndiyo jina lililobaki siku ile.

Ndani kwanza. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mmoja wa kujitolea, mpole, mwenye sweta la rangi ya haradali, anayeipenda nyumba ile kama mtu anavyompenda jamaa yake mgonjwa. Akatueleza kwamba Mackintosh kabla ya kuchora alikwenda kwanza kwa akina Blackie kuwatazama wanavyoishi, wanakula vipi, watoto wanacheza wapi, kisha akapanga vyumba, na sura ya nje akaiachia mwisho. Blackie masharti yake yalikuwa machache: hataki paa la vigae vyekundu, hataki matofali na miti ya kupachikwa ukutani kwa urembo. Anataka ukuta wa kijivu wenye plasta ya kurusha, paa la mawe bapa, na uzuri utokane na namna nyumba inavyosimama, si na nakshi. Siku ya kumkabidhi, kwa alivyokuja kukumbuka Blackie mwenyewe, Mackintosh alimwambia kwamba hii si villa ya Kitaliano wala kasri ya Kiingereza wala ngome ya Kiskoti. Ni nyumba ya kukaa watu.

Mlango uko upande wa magharibi, mwembamba, huudhanii. Ukiingia tu, karibu na mlango, ni maktaba ya Blackie. Mzee akasema iliwekwa pale makusudi ili wageni wa biashara wapokelewe na waondoke bila ya kuingia kwenye faragha ya nyumba. Mimi na dada wa Mombasa tukatazamana. Ni baraza! Ni daka la mlangoni! Nyumba ya Mzungu tajiri wa 1904 na nyumba ya mfanyabiashara wa Unguja, zote zinajua kwamba mgeni ana mpaka wake.

Ukumbi una giza, mbao nyeusi zimesimama kama msitu, taa zinashuka toka juu. Halafu unafungua mlango wa sebule na macho yanauma kwa mwangaza. Upande wa kusini kuna dirisha kubwa lililotokeza nje na benchi lake, mtu akae kipupwe kikiisha atazame bustani na bahari ya Clyde. Upande wa pili kuna meko kwa ajili ya baridi, na juu ya meko kazi ya mkono ya Margaret, binti wa kifalme aliyelala. Kwenye kuta kuna mawaridi yaliyochapwa, dari imepakwa rangi nzito nyeusi nyeusi ili jicho libaki chini kwa watu. Chumba kimoja, misimu miwili. Juu kuna chumba cha kulala cheupe chote, kitanda kimewekwa ndani ya ghuba yenye dari ya mviringo, na viti vile viwili vyeusi vyenye migongo mirefu kama ngazi. Mganda mmoja aliuliza kama mtu anavikalia kweli. Mzee akacheka akasema nadhani vilikuwa vya kutundikia nguo, ila asinukuliwe. Nami basi simnukuu.

Na nje, mtupu. Ukuta wa kijivu, madirisha hapa dogo pale kubwa, hakuna ua wala nakshi. Kama kwetu kabisa. Nilianza kuipenda.

Kisha tukapanda ngazi za chuma. Maana lile Sanduku lina njia za kutembelea zinazoizunguka nyumba na kupita juu ya paa lake. Unaitazama nyumba toka juu kama ndege, dohani zake, migongo ya paa, pembe zote. Upepo unaingia kwenye wavu, mvua kidogo nayo inaingia, unaisikia ikilia kwenye zile pete. Na hapo juu mzee akasimama, akaegemea chuma, akatueleza ugonjwa.

Nyumba za kale za Scotland, akasema, ngome na minara, zilipakwa chokaa iliyochanganywa na vijiwe, ikarushwa ukutani. Mackintosh alizipenda sana ngome zile, alizichora tangu ujana. Sura yake akaichukua. Lakini dawa yake akaiacha: badala ya chokaa akatumia saruji ya Portland, kitu ambacho siku zile kilikuwa ndiyo maendeleo. Ngumu, laini, ingemwezesha kuifunika nyumba yote kama kitambaa, bila ya mawe ya kingo juu ya kuta wala ya dohani, bila ya zile kona zinazotokeza kutupa maji mbali na ukuta. Akaifunika hadi vichwa vya dohani. Saruji haikunjiki. Nyumba inatanuka na kusinyaa kwa jua na baridi, saruji ikapata nyufa nyembamba kama nywele. Maji yakaingia kwenye nyufa. Na yakishaingia hayatoki, kwa sababu saruji haipitishi hewa. Chokaa ingeyanywa na siku ya jua ingeyatoa. Saruji inayafungia ndani. Nyumba imekuwa ikinywa maji kwa zaidi ya miaka 100, na kila waliyoizibia nyufa kwa saruji nyengine ndivyo walivyozidi kuifunga. Bila ya Sanduku, akasema, ingeyeyuka tu, kama sukari.

Sikusikia alichosema baada ya hapo. Nilikuwa nimeshika chuma cha baridi nautazama ukuta wa dohani ulio mbele yangu, ufa umepita juu yake, kijani kimeota pembeni, na plasta imevimba. Imevimba kama chapati juu ya chuma.

Nilikuwa mwaka wa nne. Somo la vifaa vya ujenzi nililifaulu vizuri. Hilo la saruji kutopitisha unyevu nililijua, liliandikwa kwenye daftari langu kwa mkono wangu, kama sifa yake. Sikuwahi siku moja kuliunganisha na kitanda cha Bibi. Yaani mpaka nipande juu ya paa la Mzungu aliyekufa zamani ndipo nione alichokiona mzee wetu mwenye ndoo, ambaye hata cheti hana. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, mawe yana chumvi, yanavuta unyevu toka ardhini, na njia pekee ya unyevu ule kutoka ilikuwa ile chokaa iliyonitia aibu. Ile kudondoka kwake ndiyo ilikuwa kazi yake. Chokaa inakufa badala ya ukuta, unapaka nyengine. Mimi niliiziba njia pande zote mbili, ndani na nje, kwa pauni 900.

Dada wa Mombasa akaniuliza nina nini, nikamwambia upepo. Baadaye kwenye treni nikamwambia kweli. Akasema, "Hata kwetu Mji wa Kale wanafanya hivyo hivyo, na wanaotuma hela ni sisi tulio nje." Tukanyamaza mpaka Dumbarton.

Nitaongeza neno moja kuhusu Mackintosh maana naona baadhi ya wenzetu walimcheka siku ile. Mimi simcheki. Skuli ya Sanaa ya Glasgow aliyoichora iliungua 2014, ikaungua tena 2018. Majengo yake, moja limekufa kwa moto na jengine linakufa kwa maji, na nusu ya dunia inakuja kuyatazama. Alikuwa kwao, aliijua mvua ya kwao, alizijua ngome za kwao, na bado kitu kipya kilimvuta. Yeye angalau alikuwa anatengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwako. Mimi nilitaka kona zilizonyooka.

Simu ya kwanza niliyopiga Jumapili ilikuwa kwa yule fundi kijana. Namba yake nilikuwa nayo toka enzi za picha. Nikamsalimia, nikajitaja, akanyamaza. Nikamwambia kosa ni langu, hukuiba, saruji ilikuwa nzuri mno ndiyo iliyoharibu. Bado kimya. Kisha akasema, "Mifuko ilikuwa arubaini na miwili, kaka. Nikuhesabie?" Nikamwambia haina haja. Akasema, "Mie nitakuhesabia." Akaanza kuhesabu, siku ya kwanza mifuko sita, ya pili mitano, nami nikasikiliza mpaka mwisho. Toka maneno yangu yafike barazani hakupata kazi nyengine mtaani kwetu. Alikuwa anakwenda Fumba kwenye majengo mapya, nauli juu yake. Nikamwomba Mjomba aende barazani akayafute maneno, saa ile ile ya alasiri watu wakiwa wamejaa. Alikwenda. Anasema ilikuwa kahawa chungu kuliko zote alizowahi kunywa.

Mzee mwashi yeye hakusema neno la kunisuta. Aliuliza tu, kupitia kwa Mjomba, kama huko Ulaya nako wamegundua.

Kwa Bibi nilichelewa, nilimpigia Ijumaa. Nikamsimulia ile nyumba yote, maktaba ya mlangoni, dari nyeusi, viti vya ngazi. Alipenda chumba cheupe. Nilipofika kwenye Sanduku akaniuliza, "Kwa hiyo wameifunika ili isinyeshewe?"

"Ndiyo, Bibi. Ikauke kwanza. Hawawezi kuitengeneza ikiwa mbichi."

"Na hicho chandarua kinapitisha upepo?"

"Kinapitisha."

"Basi hao wana akili," akasema. "Wewe yetu uliivisha koti la mvua, ukalifunga vifungo, na maji yako ndani." Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Kazi ilianza Januari 2024, mara hii kwa ruhusa. Hakuna mashine. Patasi na nyundo, polepole, maana saruji ikitoka inataka kutoka na jiwe lake, mahali pengine ilitoka nalo na ukuta ukabaki na mashimo ya kuingia ngumi. Mzee mwashi amekaa kwenye kiti cha plastiki anaelekeza, fundi kijana ndiye anayegonga. Hilo lilikuwa sharti langu, na yeye akanipa lake: alipwe kila Alhamisi, si mwisho wa kazi. Pesa zimerudi jikoni kule kule nilikozitoa, masufuria ni yale yale, meneja tu ndiye mpya. Boriti saba zilibadilishwa. Kutafuta saba nzuri ilikuwa hadithi yake peke yake, Mjomba ataiandika akipenda.

Nilipomweleza Mjomba kwamba ukuta lazima ukauke kabla ya kupakwa, akafanya jambo ambalo sikumwambia. Kabla ya masika alisimamisha nguzo za mnazi juu kwenye sakafu ya paa, akatandaza turubai juu yake na kuishusha kidogo pembeni, akaacha nafasi ya upepo kati ya turubai na ukuta. Akanitumia picha. Turubai la buluu, kamba za katani, ndoo ya kuzuia pembe isiruke. Nikaiweka ile picha kwenye simu, pale ilipokuwa ya kona zilizonyooka.

Masika ile turubai lilichanika mara mbili. Ukuta wa mashariki ulikauka mpaka ukaweza kupakwa mwisho wa mwaka. Wa kaskazini, ule wa kitanda, ukiweka kiganja bado una ubaridi. Mzee anasema usiguswe. Chokaa yake iko uani ndani ya pipa, imelowekwa, imefunikwa gunia, na mama mdogo analalamika kwamba paka anatia miguu humo halafu anakuja kukanyaga miswala.

Bibi bado analala chini. Kila nikimpigia, baada ya shikamoo na marahaba, ananiuliza kama ile nyumba ya huko imeshavuliwa chandarua chake. Mara ya mwisho nilipopita, nikamwambia, ilikuwa bado.

"Wao hawana haraka," akasema. "Mvua yao haina msimu. Mie Ramadhani nataka kitanda changu." Kisha akaniuliza nimekula nini.